Habari za Kihamba, Shamba Lisilochoka

Wengi wenu mna kiwanja kando ya nyumba, nacho ni kitupu. Au kimelimwa mahindi mwaka kwa mwaka, hata udongo umekuwa mgumu na mavuno yapungua kila msimu. Mwenyewe husema, "Ardhi yangu imezeeka." Lakini ardhi haizeeki kama mtu. Huchoka kama mtumishi afanyishwaye kazi bila kupewa chakula. Mwezi huu twapenda kuwaeleza habari za shamba lililolishwa na wenyewe, nalo likawalisha watu vizazi vingi.

Shamba hilo ni kihamba cha Wachagga, katika miteremko ya Kilimanjaro. Huko mvua ni nyingi na udongo ni wa rutuba. Lakini hayo peke yake hayatoshi, maana penye mteremko mkali mvua hiyo hiyo huuchukua udongo na kuupeleka mtoni. Wazee waliishinda hatari hiyo kwa kupanda kwa ghorofa. Juu kabisa ni miti mirefu, kama mringaringa, itoayo kivuli, mbao na kuni. Chini yake ni migomba. Chini ya migomba, mibuni. Na chini ya mibuni, magimbi, maharage na mboga. Viazi vikuu navyo hutambaa juu ya miti. Tone la mvua likianguka hupokewa na jani baada ya jani, hata likifika chini halina tena nguvu ya kuchimba.

Karibu na nyumba yumo ng'ombe. Hachungwi, huletewa nyasi, na majani ya migomba, na vigogo vyake vilivyokatwakatwa. Samadi yake hurudi mgombani. Tazameni mzunguko huu: mgomba humlisha ng'ombe, ng'ombe huulisha mgomba, na wote wawili humlisha mtoto. Maji yaliletwa kwa mifongo, yaani mifereji iliyochimbwa toka mito ya juu, yakagawanywa kwa zamu. Mpakani huoteshwa masale, jani lile lile ambalo Mchagga humpelekea jirani yake anapoomba msamaha.

Mwaka 1978 watu wawili wa Australia, Bill Mollison na David Holmgren, walitoa kitabu cha kueleza ukulima walioupa jina la pamakalcha, maana yake ukulima wa kudumu. Walifundisha kwamba mkulima na autazame mwitu, jinsi unavyostawi pasipo jembe wala mbolea ya kununua. Kila kitu shambani kifanye kazi zaidi ya moja. Na taka ya kimoja iwe chakula cha kingine. Wengi duniani waliyapokea kuwa mambo mapya. Kihambani yalikuwa yakitendwa tangu zamani. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitia vihamba vya Shimbwe Juu, mkoani Kilimanjaro, katika hesabu ya urithi wa kilimo wa dunia.

Hata hivyo urithi huo u hatarini. Kihamba hugawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu. Wataalamu waliovipima katika miaka ya 1980 walikuta wastani wa hekta 0.68, yaani kama eka 1 na theluthi mbili. Tena bei ya kahawa ilipoanguka baada ya mwaka 1989, wengine waling'oa mibuni na kukata miti, wapate kupanda mahindi na nyanya zipendazo jua. Fedha ya kwanza huja upesi. Lakini mti ukiondoka, majani hayaanguki tena, ng'ombe hupungukiwa na malisho, samadi hupungua, na mwisho mkulima hununua kwa fedha kile alichokuwa akikipata bure.

Basi tufanyeje? Hatusemi kila mtu apande migomba na kahawa. Aliye pwani ana minazi na mipapai. Aliye nchi kavu ana mbaazi na mtama. Tuchukue kanuni, kila mtu atumie mbegu za kwao.

Kwanza, mvua inyeshapo, simama mlangoni ukatazame maji yapita wapi. Hapo fanya matuta ya kukingama mteremko, na juu yake panda matete. Yatashika udongo na kumlisha mbuzi.

Pili, usiuache udongo uchi. Ufunike kwa majani makavu, ila yasiguse shina, lisije likaoza.

Tatu, usichome takataka. Panga majani makavu, kisha mabichi, kisha samadi na majivu kidogo, ukinyunyiza maji, tabaka juu ya tabaka. Choma kijiti katikati ya lundo. Baada ya siku chache kichomoe: kikiwa na joto, kazi yaendelea, kikiwa kikavu na baridi, ongeza maji. Pindua lundo kila baada ya majuma machache, na kwa muda wa miezi mitatu hivi mboji huwa tayari.

Nne, changanya mazao. Maharage na mbaazi huurutubisha udongo kwa mizizi yao. Katika shina la mgomba bakiza mama, binti na mjukuu tu. Machipukizi mengine yaondolewe.

Tano, maji yaliyooshea vyombo yaende kwenye shina la mgomba au mpapai, wala yasimwagwe juu ya mboga za majani.

Kazi hizi si za mama peke yake. Baba achimbe na kupanda miti, watoto walete majani. Nanyi walimu, bustani ya shule isiwe mahali pa adhabu; mtoto aliyepewa jembe kwa kosa atalichukia jembe maisha yake yote.

Wengine watasema, "Eneo letu ni dogo mno." Twajibu: haba na haba hujaza kibaba. Anzeni na hatua kumi toka mlango wa jikoni, na hizo zikishiba, ongezeni kumi. Siku ya kugawa urithi itakuja kwa kila nyumba. Mzazi awaachiaye wanawe robo eka ya udongo ulio hai amewapa chakula. Awaachiaye eka tano zilizochoka amewapa deni.