Hoja Iliyogeuka Ugomvi

Mwanafunzi wetu akikutana na neno la Kiingereza "argument", linalomjia kwanza kichwani ni ugomvi. Hajakosea. Majirani wakirushiana maneno uani, Mwingereza husema wana "argument". Lakini wakili anayeieleza mahakama kwa utulivu kwa nini mteja wake hana hatia, naye anatoa "argument", wala hajagombana na mtu. Katika hisabati, jina hilo hupewa namba inayoingizwa kwenye kanuni ili itoe jibu. Hata muhtasari wa kila sehemu ya utenzi wa John Milton, Paradise Lost, ulioongezwa mwaka 1668, uliitwa hivyo hivyo. Tukirudi kwenye Kilatini tunaona sababu: kitenzi arguere kilikuwa na maana ya kuweka wazi na kuthibitisha, na kina udugu na argentum, fedha, madini yale yang'aayo. Ugomvi ulikuja baadaye, kwa kuwa anayethibitisha jambo mara nyingi ana mtu anayempinga.

Kiswahili kimezitenga maana hizi, na hiyo ni mali yetu. Hoja, kutoka Kiarabu hujja, ni ushahidi. Ubishi ni kukataa kukubali. Ugomvi ni uhasama. Bungeni Dodoma waziri humaliza hotuba kwa "naomba kutoa hoja", na hakuna anayedhani anatafuta shari. Yupo atakayesema Waingereza wenyewe hawachanganyikiwi. Kweli, kwa sababu vineno vya jirani huwaongoza: "have an argument" ni kugombana, "make an argument" ni kujenga hoja, "argue with" ni kubishana na mtu, "argue that" ni kudai jambo kwa sababu. Vineno hivyo vidogo ndivyo mfasiri mwenye haraka anavyoviruka. Mwingine atasema hata sisi tunatetea hoja na kuzipangua, kama wapiganaji, jambo ambalo watafiti George Lakoff na Mark Johnson walilionyesha kuhusu Kiingereza mwaka 1980. Nakubali, ila kwetu kinachopanguliwa ni hoja. Mwenye hoja anabaki mzima, na kesho mnasalimiana.

Ndiyo maana tafsiri ya "ugomvi" pale palipotakiwa "hoja" inaumiza: mtoto anayeombwa atoe sababu anadhani anachochewa kupigana. Watunga kamusi za shule, tangulizeni hoja, ugomvi ufuate, na kila maana ipewe sentensi yake ya mfano.