Waya wa Mafuta wa Gari Ukichakaa

Wengi wetu siku hizi twachukua karafuu kwa gari dogo la mizigo, na mengi katika hayo ni ya zamani, yenye waya utokao kwenye kanyagio la mafuta mpaka kwenye injini. (Magari mapya mengi hayana waya huo, kazi yake hufanywa kwa umeme.) Ni kitu kidogo, lakini ukikatika mlimani na gari limebeba karafuu mbichi, hasara si ya waya tu. Karafuu mbichi zikikaa ndani ya gunia huchemka, na zikianikwa hutoka nyeupe, hazina bei.

Waya huu ni nyuzi nyembamba za chuma zilizosokotwa pamoja na kutiwa ndani ya ala. Hauharibiki kwa siku moja. Hukatika uzi mmoja mmoja, mara nyingi pale unapojipinda au unaposhikana na kanyagio, na hewa yetu ya chumvi huzidisha kutu. Utaona kanyagio limekuwa zito, au larudi polepole, au injini yaendelea kunguruma na mguu umekwisha ondoka. Dalili hii ya mwisho ndiyo ya kuogopwa zaidi: waya uliokatika hulisimamisha gari, ulionasa hulikimbiza. Likikufika hilo, kanyaga breki kwa nguvu bila kuachia, toa gia, simama kando, kisha zima injini. Usichomoe ufunguo gari likienda, maana usukani waweza kujifunga.

Tafadhali msiunge waya uliokatika. Fundo halipiti ndani ya ala. Nenda dukani na ule wa zamani, ulinganishe urefu na vichwa vyake.

Injini iwe imezimwa na imepoa. Kwanza tazama waya umepita wapi. Upande wa injini legeza nati za kurekebishia, zungusha kwa mkono kipande kinachovutwa na waya mpaka ulegee, ukichomoe kichwa chake. Kisha ingia chini ya usukani (kazi ya mtu mwembamba) uchomoe upande wa kanyagio. Waya mpya upite njia ile ile, mbali na bomba la moshi, bila kona kali. Ikiwa ala yake ina plastiki ndani, usitie grisi.

Kupima ndiko wengi wanakokuharakisha. Mmoja akanyage mpaka chini, mwingine atazame kama mlango wa hewa wa injini wafunguka wote. Akiachia, ujifunge mara moja. Uache ulegevu wa milimita chache, kwani waya uliokazwa mno haiachi injini itulie. Na kama kanyagio bado larudi polepole, tazama springi yake kabla ya kumlaumu mwenye duka. Halafu washa injini, gia ikiwa huru, ukanyage na kuachia mara kadhaa kabla ya kupakia hata gunia moja.