Usikate Huo Mti Bado: Jinsi ya Kufufua Miti ya Matunda Iliyoachwa, na Kulinda Pesa Yake

Ukitoka Kutus kupanda kuelekea Kerugoya, ni nadra kupita boma lisilo na mti wa matunda ulioachwa ujiangalie wenyewe. Parachichi la kienyeji limepita paa. Mwembe umefunikwa na mimea ya kutambaa. Broka anapita, anatazama juu, anataja bei ya mti mzima. Kwa kuwa karo inadaiwa, mwenye mti anakubali. Mwingine anaona afadhali aukate auze kuni.

Sisi kazi yetu ni pesa za simu. Lakini pesa ya mti hupotea mahali pawili: juu ya mti wenyewe na wakati wa malipo. Hebu tuangalie kote kuwili.

Anza na msumeno, polepole

Subiri uvune kwanza. Usipogoe mti ukiwa na maua au matunda machanga.

- Ondoa matawi makavu, yenye ugonjwa na yanayosuguana. Lenga mwanga ufike katikati ya mti.
- Ukiona mmea wa kigeni umeota juu ya tawi, usiuvute kwa mkono tu. Mizizi yake imeingia ndani ya mbao. Kata tawi lenyewe, chini kidogo ya pale uliposhika.
- Usiondoe zaidi ya theluthi moja ya matawi kwa mwaka. Ukiuacha mti uchi, jua litachoma gome. Sehemu zilizobaki wazi zipake chokaa iliyochanganywa na maji.
- Weka samadi chini ya ncha za matawi, kwa sababu mizizi inayokula iko huko. Usiirundike kwenye shina.
- Okota matunda yaliyoanguka kila siku, uyazike kwenye shimo refu. Funza wa inzi wa matunda hukulia humo. Inzi kutoka Asia aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003 alileta hasara kubwa, hadi mwaka 2014 nchi ikasimamisha kuuza maembe Ulaya. Mauzo hayo yalirudi mwaka 2021.

Parachichi la kienyeji linaweza kugeuzwa

Kama soko lako linataka Hass au Fuerte, si lazima ung'oe mti wa zamani. Fundi wa kugrafti anaweza kuukata shina, akaacha tawi moja la kulisha mizizi, kisha akapachika vijiti vya aina mpya. Mizizi tayari ni mikubwa, kwa hivyo unaweza kuanza kuona matunda baada ya miaka miwili au mitatu.

Vijiti na miche vitoe mahali panapojulikana, kama kituo cha KALRO kule Kandara, Murang'a, au kitalu chenye leseni ya HCD, kurugenzi inayosimamia mazao ya bustani. Mche wa uongo utaugundua miaka mitatu baadaye, na muuzaji atakuwa ameshabadilisha laini.

Sasa, pesa

*Weka akiba ya mti.* Shilingi 100 kila wiki kwenye akiba ya simu ni shilingi 2,000 baada ya wiki 20. Hiyo inaweza kuanzisha kazi ya samadi na msumeno bila kukopa.

*Mlipe fundi mara mbili.* Sehemu akimaliza kazi, iliyobaki vijiti vikichipua. Kubalianeni kabla hajapanda mti.

*Usitume amana kwa namba uliyoiona mtandaoni tu.* Tembelea kitalu kwanza. Kabla ya kuthibitisha malipo, soma jina linalotokea kwenye simu.

*Usiuze maua.* Broka akinunua mti ungali unachanua, faida ya msimu mzuri ni yake. Pia, kila mwaka karibu na Novemba, HCD hufunga usafirishaji wa parachichi nje kwa meli ili matunda machanga yasivunwe. Anayekuharakisha wakati huo, muulize anayapeleka wapi.

*Hesabu, pima, lipwa, ndipo gari liondoke.* Meseji ya malipo inaweza kughushiwa. Usiiamini peke yake; angalia salio lako mwenyewe. Mtu akisema amekutumia pesa nyingi kimakosa, usimrudishie kwa mkono wako. Mwambie apigie kampuni yake ya simu, na wewe utupigie sisi. PIN yako usimpe mtu yeyote, hata akisema anatoka kwetu.

*Tunza rekodi.* Taarifa ya miamala ya mwaka itakuonyesha mti ulikula ngapi na ukaleta ngapi. Broka akija msimu ujao na bei yake, wewe utakuwa na hesabu yako mkononi.

Wiki hii anza na mti mmoja tu. Ondoa matawi makavu, zika matunda yaliyooza, na uweke ile shilingi 100 ya kwanza.