Zege la Hoteli Katika Nchi ya Ukame

Asafiriye kwa barabara ya Mombasa hupita Emali, Makindu na Mtito Andei, na kote huziona hoteli na nyumba za wageni. Wajengao huko Makueni, na wenzao wa Kitui, huhesabu sana bei ya saruji. Maji huyasahau, na hapo ndipo zege liharibikapo.

Zege halikauki kama udongo. Saruji hushikana kwa kunywa maji, na kazi hiyo huendelea siku nyingi. Nguvu yake hupimwa siku ya 28. Basi sakafu ya ghorofa ifunikwe magunia yaliyolowa na kunyweshwa asubuhi na jioni, kwa siku 7 au zaidi. Fundi asemaye siku mbili zatosha, asisikizwe. Wala asiongeze maji katika kuchanganya ili koleo limwie jepesi, kwani zege la majimaji ni dhaifu.

Visima vingi vya Kitui vina maji ya chumvi. Chumvi hula vyuma vilivyomo ndani ya zege, kutu huvimba, na vipande humwangukia mgeni kitandani!

Mchanga wa mito ni mzuri, lakini ndio uwawekeao watu maji wakati wa kiangazi. Kwa ajili hiyo Makueni ilitunga sheria ya mchanga mwaka 2015. Mjenzi na aulize mchanga wake watoka wapi.

Tangi la mvua lijengwe kwanza, kabla ya msingi wa hoteli, lipate kujazwa na mvua za Novemba.