Shoti ya Aina Gani? Lugha na Usalama katika Ukarabati wa Mabango ya LED

1.0 Utangulizi

Makala haya yanafafanua taratibu za usalama katika ukarabati wa moduli za mabango ya LED, yale ya maandishi yanayotembea tunayoyaona juu ya milango ya maduka ya dawa na hoteli za miji yetu. Mtafiti wa lugha anaingia katika uwanja huu kwa sababu moja: ufundi huu hufunzwa zaidi kwa mdomo, na mwanafunzi hulindwa au huumizwa na neno alilolisikia kwa fundi wake.

Moduli inayofahamika sana huitwa P10, kwa kuwa umbali kati ya nukta moja ya mwanga na nyingine ni milimita 10. Ina upana wa milimita 320 na kimo cha milimita 160, hivyo hubeba nukta 512. Yenyewe hutumia volti 5 tu. Volti hizo hutoka kwenye pawa saplai iliyofichwa ndani ya bango, ambayo kwa upande wake wa pili hupokea volti 230 au 240 za ukutani. Bango moja, basi, lina pande mbili zenye tabia tofauti kabisa.

2.0 Kupiga shoti na kupigwa shoti

Katika karakana moja mjini Kigali nilimsikia fundi akimwambia mwanafunzi wake, huku akionesha upande wa volti 5: "Hapa hakuna shoti." Alisema kweli, kwani volti 5 haziwezi kumdhuru mtu anayezigusa kwa ngozi kavu. Muda mfupi baadaye kijana aliacha ncha mbili za waya mwembamba zigusane. Plastiki ya waya ikamyeyukia vidoleni. Pawa saplai ile iliandikwa ampea 40, na kwa volti 5 hizo ni wati 200. Kwa kuwa waya ulivuta mkondo ambao kifaa kiliundwa kuutoa, kinga yake haikuona kosa lolote.

Sarufi ya Kiswahili ilikwisha kuzitenganisha hatari hizi: waya hupiga shoti, mtu hupigwa shoti. Kauli ya kutenda ni ya nyaya zinazogusana. Kauli ya kutendwa ni ya mwili uliopitiwa na umeme. Kitenzi kikidondoshwa na kubaki nomino peke yake, tofauti hiyo hupotea. Fundi alikusudia ya pili, na kijana akaelewa zote mbili. Magazeti nayo hutumia "hitilafu ya umeme", fungu la maneno pana mno kumfaa mtu aliyeshika bisibisi. Napendekeza "shoti" ibakie kwa nyaya, na kwa mwili tuseme "kunaswa na umeme", kauli ambayo wazungumzaji wanayo tayari.

Kwa wanafunzi wa Rwanda kuna jambo la ziada. Katika Kinyarwanda, neno umuriro ni moto na pia ni umeme. Onyo la "jihadhari na moto" linaweza kupokewa kama onyo la waya, na fundi aliyekusudia joto la chuma cha kulehemu asijue kwamba hakueleweka.

3.0 Kuzima, kukatika, kuchomoa

Upande wa ukutani ndio unaoua. Agizo la "zima bango" halitoshi, maana bango huweza kuzimwa kwa simu huku pawa saplai ikiendelea kupokea umeme. "Umeme umekatika" ni hatari zaidi, kwa sababu umeme uliokatika hurudi bila kubisha hodi. Kitenzi salama ni "chomoa": plagi itoke ukutani na iwekwe mahali ambapo fundi anaiona. Hata baada ya hapo, kapasita za ndani zinaweza kubaki na zaidi ya volti 300. Fundi asubiri dakika kadhaa, kisha apime kwa multimita kabla ya kugusa chochote. Utepe wa nyaya unaounganisha moduli nao usichomekwe wala kuchomolewa bango likiwa na umeme.

Kuhusu kulehemu sina mengi: dirisha liwe wazi, na mikono ioshwe kabla ya kula, kwani lehemu nyingi ina risasi.

4.0 Hatari isiyohisiwa

Mwili wa binadamu kwa kawaida hauhisi umeme tuli ulio chini ya takriban volti 3000, ilhali kiasi kidogo kuliko hicho huweza kuharibu nukta za bluu na kijani, ambazo ni dhaifu kuliko nyekundu. Nukta inaweza kufa papo hapo, au ikafa wiki kadhaa baadaye, na fundi akalaumu kiwanda. Kinga yake ni mkanda wa mkononi uliounganishwa na ethi kupitia rezista ya megaomu 1, na kuishika moduli kwa kingo zake.

Niliporudi kwa yule fundi na mapendekezo haya, aliyakubali yote isipokuwa "umeme tuli". Alisema mwanafunzi atadhani umeme huo umetulia na hauna madhara. Yeye husema "umeme wa mwilini", na kila anaposema hivyo wanafunzi wake huitazama mikono yao kabla ya kuigusa moduli.