Mwezi Mmoja wa Mwaka 1931: Mambo ya Dunia na Bei ya Karafuu



Wapo kati yetu wanaoona kuwa khabari za dunia ni mazungumzo ya barazani tu, ya kupitishia wakati baina ya Alasiri na Magharibi, na kuwa mwenye shamba inamtosha kujua mvua, wachumaji na jua la kuanikia. Maneno hayo yana sehemu ya haki, kwani asiyeanika vizuri hatasaidiwa na gazeti. Lakini karafuu si muhogo. Muhogo tunaupanda, tunaupika na tunaula wenyewe. Karafuu tunaichuma ili ikaliwe, ikavutwe na ikatiwe dawani katika nchi ambazo wengi wetu hatutaziona, na bei yake hutegemea mambo yanayotokea huko. Mwenye zao la namna hii, apende asipende, ana ubia na walimwengu.

Ili jambo hili lieleweke, nimechagua mwezi mmoja tu, Septemba 1931, katika miaka ile iliyokuwa baina ya vita vikuu viwili. Kwa hesabu ya miezi yetu uliangukia Mfunguo Saba na Mfunguo Nane, mwaka 1350 Hijria. Katika siku thelathini hizo yalitokea mambo matano ambayo yaliandikwa katika vitabu vya tarikhi. Sitayaeleza yote kwa urefu mmoja. Lililogusa mfuko wa kila mwenye mkarafuu nitalieleza zaidi.

PAUNI YAACHANA NA DHAHABU

Yafaa kwanza tujue fedha ya siku zile ilikuwaje. Noti ya pauni ilikuwa ni ahadi. Aliyekuwa na noti za kutosha aliweza kwenda Benki Kuu ya Uingereza akapewa dhahabu kwa kiasi kilichowekwa na sheria, wala benki haikuweza kumkatalia. Kwa ajili hiyo watu wa nchi zote waliiamini pauni. Vita vya 1914 vilivuruga utaratibu huo, na mwaka 1925 Uingereza iliurejesha, pauni ikapewa thamani ile ile ya kabla ya vita, yaani dola 4.86 za Kimarekani.

Hapo ndipo palipokuwa na kasoro. Nchi ilikuwa imetoka vitani na madeni, na bidhaa zake zilikuwa ghali, lakini fedha yake imevikwa joho la zamani. Bidhaa za Kiingereza zikawa hazinunuliki nje, viwanda vikapunguza watu. Mwaka 1929 soko la hisa la New York likaanguka, na baada yake bei za mazao zikashuka dunia nzima: ngano, pamba, kahawa, mpira, na karafuu haikusalimika. Mwezi wa Mei 1931 benki kubwa ya Vienna, iitwayo Creditanstalt, ikashindwa kulipa. Mwezi wa Julai benki za Ujerumani zikafunga milango kwa siku kadhaa. Wenye mali wakaanza kuulizana: Je, zamu ya nani sasa? Macho yakaelekea London.

Ada ya watu ni kwamba wakisikia ghala linavuja, kila mmoja hukimbilia kutoa gunia lake, na mbio hizo humaliza ghala kabla ya mvua. Tangu katikati ya Julai mpaka katikati ya Septemba zilitolewa London fedha zaidi ya pauni milioni 200. Serikali ya chama cha Labour ilivunjika mwezi wa Agosti, ikaundwa serikali ya mseto chini ya Ramsay MacDonald yule yule, nayo ikaamua kupunguza mishahara ya watumishi wake ili wakopeshaji watulie.

Amri hiyo ikaleta jambo la pili. Manowari za Kiingereza zilikuwa zimetia nanga Invergordon, huko Scotland. Mabaharia wa daraja la chini, waliokuwa wakilipwa shilingi 4 kwa siku, walisikia kuwa watalipwa 3. Tarehe 15 na 16 Septemba maelfu yao wakakataa kwenda baharini. Hapakumwagwa damu, na serikali ikarudi nyuma, ikasema upunguzaji hautazidi sehemu moja katika kumi. Lakini khabari ilikwisha enea kwa simu kila mji wenye benki. Watu waliona kuwa ikiwa hata manowari za Kiingereza zimegoma, basi hapana kilicho imara. Fedha zikatoka kwa kasi zaidi kuliko mwanzo.

Jumatatu tarehe 21 Septemba 1931 Uingereza ikatangaza kuwa Benki Kuu haitatoa tena dhahabu kwa noti. Kabla ya mwaka kwisha, pauni iliyokuwa dola 4.86 ilikuwa karibu dola 3.40. Nchi nyingi zikaifuata, zikiwamo Sweden na Norway katika mwezi ule ule.

HESABU YA FRASILA MOJA

Sasa tuje kwetu. Wakati ule Unguja na Pemba zilitumia rupia. Shilingi ya Afrika Mashariki haikushika nafasi yake mpaka mwanzo wa mwaka 1936. Rupia ilifungwa na pauni, rupia moja ikiwa ni shilingi moja na peni sita za Kiingereza. Pauni ilipoteremka, rupia iliteremka nayo kama mashua inavyoteremka na maji. Aliyekuwa ndani ya mashua hakuona kitu, kwani rupia yake ilikuwa rupia ile ile.

Lakini wanunuzi hawakuwa wote ndani ya mashua hiyo. Wanunuzi wakubwa wa karafuu zetu walikuwa Bara Hindi na visiwa vya Java, ambako karafuu husagwa ikachanganywa na tumbaku ya sigara zao ziitwazo kretek. Java ilitawaliwa na Waholanzi, na Uholanzi haikuiacha dhahabu mpaka Septemba 1936, miaka mitano kamili baadaye.

Tufanye mfano wa hesabu, kwa bei ya kubuni. Tuseme frasila ya karafuu ni rupia 10. Hizo ni shilingi 15 za Kiingereza, yaani robo tatu za pauni. Kabla ya tarehe 21 Septemba, mnunuzi wa Java angetoa kiasi cha gilda 9 za Kiholanzi kuipata frasila hiyo. Miezi mitatu baadaye angetoa gilda 6 na kitu. Karafuu ni ile ile, uzito ni ule ule, na mkulima amepokea rupia 10 zile zile. Lakini aliyeko Java amenunua kwa theluthi mbili na kidogo tu ya bei ya kwanza. Mnunuzi wa Bara Hindi, ambaye fedha yake ni rupia kama yetu, hakupata tofauti yoyote.

Basi ile theluthi iliyobaki ilikuwa ya nani? Hapa ndipo penye somo. Kama muuzaji anajua mambo ya fedha na ana nguvu ya kungoja, angeweza kudai zaidi ya rupia 10, na mnunuzi bado angeondoka na faida. Kama muuzaji hajui, au anadaiwa na hawezi kungoja hata wiki, faida yote huishia mikononi mwa walio katikati, wanaopokea simu za masoko asubuhi na kununua shambani jioni.

Na wakulima wengi wa wakati ule walikuwa wanadaiwa. Deni la rupia 500 lililochukuliwa bei ikiwa nzuri lilibaki rupia 500 bei ilipoanguka, ila sasa lilitaka frasila nyingi zaidi kulilipa. Mashamba mengi yakawa rehani. Hali ilifika pabaya hata mwaka 1934 serikali ya Unguja ikatunga sheria juu ya ardhi zinazotoka mikononi mwa wenyewe na juu ya biashara ya karafuu, na sheria hizo zikaleta ugomvi mwingine na wafanya biashara wa Kihindi, ambao kisa chake ni kirefu. Nataka tuone tu kuwa mzizi mmoja wa mambo hayo ulikuwa mbali sana na mikarafuu.

RELI YA MANCHURIA

Usiku wa tarehe 18 Septemba, karibu na mji wa Mukden kaskazini ya Uchina, palitokea mripuko katika reli iliyokuwa chini ya Wajapani. Mripuko wenyewe ulikuwa mdogo, hata gari la moshi lilipita hapo muda mfupi baadaye. Hata hivyo majeshi ya Kijapani yalisema Wachina wamewashambulia, na kabla ya jua kupanda sana mji wa Mukden ulikuwa mikononi mwao. Baadaye ilithibitika kuwa mripuko huo ulifanywa na maafisa wa Kijapani wenyewe ili wapate sababu. Mwamba ngoma huvutia kwake.

Uchina ilipeleka mashtaka kwa Shirikisho la Mataifa huko Geneva. Ikatumwa tume, ikaandika ripoti, ripoti ikasomwa. Na mwaka 1933 Japani ikajitoa katika Shirikisho. Wenye nguvu wengine wakatazama wakajifunza kuwa anayechukua hanyang'anywi. Wako wenye elimu wanaohesabu usiku ule kuwa ni mwanzo wa njia iliyofika kwenye Vita Vikuu vya Pili.

Japani nayo iliiacha dhahabu mwezi wa Disemba mwaka ule ule, fedha yake ikashuka kupita hata pauni, na katika miaka iliyofuata vitambaa vya Kijapani vya bei nafuu vikajaa katika maduka ya Afrika Mashariki.

SHEIKH UMAR AL-MUKHTAR

Jambo la nne halina bei, lakini tarikhi ya mwezi huo haikamiliki bila yake. Katika milima ya Jabal al-Akhdar, mashariki ya Libya, alikuwako mzee aliyepita umri wa miaka sabini. Kazi yake ya asili ilikuwa kufundisha Kurani katika zawia ya Masanusi. Wataliana walipoivamia Libya mwaka 1911 aliiacha mbao ya kufundishia akapanda farasi, na tangu mwaka 1923 yeye ndiye aliyeongoza mapigano katika upande wa Barqa.

Wataliana waliposhindwa kumkamata waliwageukia watu wake. Wakazi wa milimani wapata laki moja, pamoja na wanyama wao, walihamishwa kwa nguvu wakatiwa katika makambi ya jangwani, na wengi sana walikufa huko kwa njaa na maradhi. Mwaka 1931 ulijengwa uzio wa waya wa miiba, wa mamia ya kilomita, mpakani mwa Misri ili msaada usipite.

Tarehe 11 Septemba alikamatwa vitani. Tarehe 15 alihukumiwa Benghazi, na siku ya pili yake akanyongwa Suluq, mbele ya watu wapata elfu ishirini walioletwa kutoka makambini wamtazame. Walidhani watu wakimwona akifa watamsahau. Libya ilipata uhuru wake Disemba 1951, na mfalme wake wa kwanza alikuwa Idris wa Masanusi hao hao. Leo jina la mwalimu yule wa chuoni linajulikana na kila mtoto wa nchi ile. Mwenyezi Mungu amrehemu.

MGENI WA LONDON

La tano nitalipitia kwa haraka. Tarehe 12 Septemba M. K. Gandhi alifika London kwa mkutano wa kuamua mustakabali wa Bara Hindi. Hakukaa katika hoteli kubwa. Alikaa katika mtaa wa maskini wa mashariki ya mji. Mwishoni mwa mwezi alikwenda Lancashire kuonana na wafumaji wa nguo waliokosa kazi, ambao sehemu ya shida yao ilitokana na Wahindi kususia nguo za Kiingereza kwa amri yake. Wengi walitazamia atazomewa, lakini wafanya kazi wanawake walimshangilia. Mkutano wenyewe ulikwisha mwezi wa Disemba bila ya mapatano. Hata hivyo yafaa kulikumbuka jambo hili: mnunuzi akisusa huko aliko, mwenye kiwanda hukosa mkate kwake. Wenye karafuu nao walilionja hilo mwaka 1937, Bara Hindi ilipoisusia karafuu yetu.

TULICHUKUE LIPI?

Kwanza, bei ina sura mbili: anayoipokea muuzaji na anayoitoa mnunuzi kwa fedha yake. Msikiapo bei haikupanda, ulizeni fedha ya anayenunua imesimamaje.

Pili, deni halishuki pamoja na bei. Msimu unakaribia, na wapo wanachama wanaoitwa pembeni kupewa fedha mkononi juu ya karafuu ambazo bado zi mtini. Fedha hiyo ina utamu wake, na shida za watoto tunazijua. Lakini anayeipokea ameuza kabla ya kujua, na amemwachia mwengine haki yake ya kungoja. Kabla hujatia sahihi, njoo ofisini tuipige hesabu pamoja. Karatasi na kalamu hazina malipo.

Tatu, mkulima mmoja mmoja hawezi kungoja, lakini wengi wakishikana wanaweza. Waliotutangulia walilijua hilo, na ndiyo maana chama cha wakulima wa karafuu cha Unguja kiliundwa mwaka 1927. Kuwa na chama na kisha kila mtu akauza kwa siri yake ni sawa na kuwa na jamvi na kuanika karafuu mchangani.

Wabillahi taufiq.

Katibu wa Chama