Kabla ya Kumwambia Arudi

Wengi wetu tuliotoka Silibwet, kaunti ya Bomet nchini Kenya, tumewahi kupokea ile simu. Huku ughaibuni ni usiku wa manane, nyumbani kunapambazuka, na dada analia kwa sauti ya chini ili watoto wasisikie. Tunamtumia chochote, tunamwambia avumilie, kisha tunaulizana: mbona haondoki kwa mume anayempiga?

Jibu liko kwenye mzani wa majani chai. Dada huyo amechuma tangu alfajiri, amebeba kikapu hadi kituoni, karani amepima kilo na kumpa risiti. Namba ya mkulima iliyo kwenye risiti hiyo, mara nyingi, ni ya mume. Malipo ya mwezi yanaingia kwa mume, na bonasi ya mwaka vilevile. Shamba nalo lina jina la mume au la baba mkwe. Akitoka usiku na watoto, anaacha jasho lake lote nyuma. Anakimbilia kwao, wazee wa pande mbili wanakaa, mume anaomba radhi, naye anarudishwa. Wazee wetu nawaheshimu. Wametatua mengi ya mipaka na ng'ombe. Lakini kikao chao hakina askari wa kumzuia mtu anayerudi nyumbani na panga.

Sheria inayo nguvu hiyo. Mswada wa kulinda familia ulikuwepo tangu miaka ya mwanzo ya 2000, ila Sheria ya Ulinzi dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ilipatikana 2015 tu. Inatambua kuwa ukatili si kipigo peke yake, bali pia vitisho, kuharibu mali na kumnyima mtu pesa zake. Na hili ndilo wengi hawalijui: mahakama inaweza kumwamuru mume akae mbali na nyumba, mama na watoto wakabaki. Amri ya muda inaweza kutolewa kabla mume hajasikilizwa. Akiivunja, anaweza kufungwa hadi miezi 12. Jamaa au jirani anaweza kuomba amri hiyo kwa niaba ya mama.

Akiumizwa, hospitali kwanza. Hospitali ya Tenwek haiko mbali. Aliyebakwa afike kabla ya saa 72 kwisha, ili apate dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi. Kisha polisi, aombe dawati la jinsia na fomu ya P3. Namba ya msaada 1195 inapigwa bure, na ya watoto ni 116. Apige yeye au jirani aliye karibu, kwa laini ya Kenya.

Simu ile ikija tena, usianze na "vumilia". Muulize yuko wapi na watoto wako wapi. Nauli ya kufika mahakamani Bomet itume kwa laini yake mwenyewe au ya mtu anayemwamini, wala usiipitishe kwa mume.